Mama Pimbi Adai Nyongeza

Hapo zamani za kale, zile za kale hasa, wanyama walipokuwa wakijifunga kanga, wakilima, wakipika na kukorofishana sokoni kama tunavyokorofishana sisi, aliishi mama mmoja mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno. Aliitwa Mama Pimbi. Nyumba yake ilikuwa juu ya majabali, na humo ndani alikuwa na watoto watatu waliopiga kelele za watoto kumi.

Wa kwanza aliitwa Kidawa, binti mtaratibu aliyependa kuuliza maswali. Wa pili alikuwa Mashaka, na huyu alitaka kila kitu alichokitupia jicho. Wa mwisho aliitwa Kitumbo. Kwa nini aliitwa Kitumbo, sina haja ya kuwaeleza.

Mwaka huo watoto walikuwa wamemsaidia mama yao kupalilia karanga msimu mzima, jua la utosi, bila kunung'unika. Haya, Mashaka alinung'unika kidogo. Mama Pimbi akawaahidi, "Tukishavuna na kuuza, nawapeleka kwenye Maonyesho ya Kaunti. Na mtapanda bembea ya kuzunguka, nyote watatu."

Tangu siku hiyo nyumba haikulalika. Kidawa aliuliza bembea inazunguka upande gani. Mashaka alizungusha sufuria, akazungusha kuku wa jirani, akamzungusha na mdogo wake mpaka akatapika. Bembea, bembea, bembea.

Siku ya maonyesho ilipofika, Mama Pimbi alifunga mafundo mawili kwenye pindo za kanga yake. Fundo la kulia lilikuwa na pesa za maonyesho. Fundo la kushoto lilikuwa na pesa za mbegu za mvua zijazo.

"Mnaliona hili la kushoto?" akawaambia watoto. "Hili halifunguliwi hata mtu akizimia. Likifunguliwa leo, mwakani tutapika mawe tunywe mchuzi wake."

Kisha akapika vitumbua, kwa kuwa alijua bei ya chakula cha maonyeshoni. Akavifunga kwenye kitambaa, akavitia ndani ya mbeleko, halafu akambeba Kitumbo mgongoni juu yavyo. Ukimwangalia kwa nyuma ungedhani Kitumbo amekalia mto.

Langoni alikuwa ameketi Kiboko, na alipoketi Kiboko hapakuwa na haja ya lango. Kando yake palisimamishwa ubao ulioandikwa kwa chaki na Bwana Fisi, mwenyekiti wa kamati ya maonyesho. Kidawa akausoma kwa sauti.

"Kiingilio ni kwa kichwa. Chakula cha nje marufuku. Nyongeza hakuna."

Mama Pimbi alisimama pale akaurudia ule mstari wa mwisho kimoyomoyo, akidhani mtoto amekosea. Nyongeza mnaijua. Mama akinunua fungu la nyanya, muuzaji humtupia moja juu yake. Hiyo ndiyo nyongeza. Katika nchi ile hapakuwa na aliyewahi kununua hata chumvi akaondoka bila nyongeza, na muuzaji asiyeitoa watu walimuulizia malezi yake. Leo Bwana Fisi ameifuta kwa kipande cha chaki.

"Kaka Kiboko, habari za kazi?"

"Salama, mama. Vichwa vinne."

"Vinne vipi? Huyu wa mgongoni ataona nini zaidi ya kisogo changu?"

"Ana kichwa?"

"Anacho."

"Basi vinne."

"Acha nilipie vitatu, kaka yangu, hiki kidogo kiwe nyongeza."

Kiboko akashusha pumzi, pfuuu, akamlowesha Kidawa uso mzima. "Mama, ingekuwa amri yangu ningekupa. Lakini Bwana Fisi ananikata mshahara. Alfajiri nimemwachia jongoo apite kwa nusu, tumegombana mpaka kukapambazuka." Kisha akainamisha kichwa chake kile kikubwa. "Na mbona mtoto amefura hivi huku chini?"

"Nimemvalisha nepi tatu," akasema Mama Pimbi. "Safari ni ndefu na alikula maharage. Unataka kukagua?"

Kiboko akarudi nyuma kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania. "Pita, mama, pita."

Wakaingia. Jukwaani alikuwa amesimama Mheshimiwa Tembo, mlezi wa maonyesho, akitoa hotuba ya ufunguzi. Alisema maonyesho haya ni ya watoto, na kwamba yeye furaha yake ni kuona kila mtoto anacheka. Aliyasema kwa moyo mweupe kabisa. Alipomaliza akapelekwa kwenye hema lake, akaletewa soda, na huko hakuna aliyemwambia bei ya kitu chochote.

Sasa ndipo kazi ilipoanza.

Mashaka alitaka puto. Akanunuliwa puto. Hatua chache mbele Nungunungu akapita, akasema samahani, pwaa, puto likabaki uzi. Kitumbo alinunuliwa pamba ya sukari, bonge kubwa kuliko kichwa chake. Akaitia mdomoni, akafumba, akafumbua, ikawa haipo. Akaangua kilio kwamba ameibiwa na mwizi yumo mdomoni mwake, na ikabidi anunuliwe nyingine ili ahakikishe.

Kidawa yeye aliomba kitu kimoja tu, kupakwa rangi usoni awe chui. Mchoraji alikuwa fundi. Alimpaka akawa chui kweli, mpaka Kitumbo alipogeuka na kumwona dada yake alipiga ukelele, akakimbia, akavamia meza ya sharubati ya miwa. Chubwi! Mama Pimbi akalipia sharubati iliyomwagika, kisha akalipia maji ya kumwosha Kidawa rangi aliyokwisha kuilipia.

Kitumbo akataka kwenda msalani. Msalani napo palilipiwa. Walipofika mlangoni akasema, "Mkojo haupo tena." Walipofika mbali akasema, "Umerudi."

Kila mahali Mama Pimbi alipolipa, aliuliza nyongeza kwa upole, na kila mahali alijibiwa kwa kuonyeshwa ubao. Bwana Fisi alikuwa ametundika mbao kila kona. Mchana walijificha nyuma ya banda la maboga wakala nusu ya vitumbua, nusu nyingine akaiweka ya safari ya kurudi. Na hapo ndipo walipoiona bembea.

Ilikuwa nzuri, jamani. Ilikuwa na viti vyekundu na vya manjano vilivyoning'inia kwa minyororo, ikizungushwa na punda wawili, na kila ilipozunguka ililia, kwiii-kwaa, kwiii-kwaa, kwa sababu Bwana Fisi aliona mafuta ya kulainishia ni gharama. Fisi mwenyewe alisimama mbele yake na kipaza sauti cha bati kilichoning'inia shingoni, akiita wateja.

"BEMBEA! BEMBEA! KICHWA KWA KICHWA!"

Viti vingi vilikuwa vitupu. Kuuzunguka uzio walijaa kina mama na watoto wao, wamesimama wakiangalia tu. Alikuwepo Mama Kware na vifaranga wake, ambao hata yeye mwenyewe hakuwahi kuwahesabu akamaliza. Alikuwa amelipa langoni kwa kila kichwa, na sasa hakuwa na kitu.

Mama Pimbi akafungua fundo la kulia. Zilikuwamo sarafu mbili nyembamba, hazitoshi hata kukalia kiti mpaka kikaanza kutikisika.

"Mama," akasema Mashaka, "tunapanda sasa hivi?"

Mama Pimbi akazigeuza zile sarafu. Kidawa akamwangalia mama yake, akaliangalia lile fundo lililolegea, akaelewa. Mashavu yake bado yalikuwa na madoa ya chui. Akamshika Mashaka mkono.

"Tutapanda mwakani," akasema Kidawa. "Na kuangalia pia ni kuzuri. Wewe chagua kiti chako, mimi nichague changu, tuviangalie vikizunguka."

Wangelia, Mama Pimbi angestahimili. Kulia kwao alikuwa amekuzoea. Lakini kuwaona wamekaa chini kimya, kila mmoja akifuata kiti chake kwa macho, kulimchoma moyo. Hawa ndio waliopalilia karanga mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fundo la kushoto. Kucha zikashika ncha ya kanga, zikaanza kuvuta.

Mara akasikia pua. Nff. Nff-nff.

Akainua macho. Bwana Fisi alikuwa ameacha kuita wateja. Pua yake ilikuwa imeelekea kwenye mbeleko, na mate yalikuwa yamekwisha kuanza safari kidevuni.

Mama Pimbi akaliachia fundo, akalikaza upya. Akatabasamu.

"Mama Kidawa," akasema Fisi akisogea, "nasikia harufu. Hicho ni chakula cha nje."

"Ni vitumbua, Bwana Mwenyekiti. Vya nazi na iliki."

Fisi akameza mate, gudu. "Chakula cha nje marufuku. Navichukua kwa niaba ya kamati."

"Chukua, baba. Sheria ni sheria." Akaanza kufungua kitambaa taratibu, taratibu sana, harufu ikatoka yote. "Ila si vitakuwa mali ya kaunti? Maana vikiwa mali ya kaunti vinapelekwa kwenye hema la Mheshimiwa Tembo, yeye ndiye mlezi. Na Mheshimiwa akipewa vitumbua, wewe unavijua vile vidole vya mkonga wake. Havirudishi kitu."

Fisi akakodoa macho kuelekea hema la Tembo.

"Lakini ukivinunua kwangu," akaendelea Mama Pimbi, "vinakuwa mali ya tumbo lako."

"Bei gani?"

Akamtajia. Fisi akashika kichwa. "Mama, hiyo bei au adhabu?"

"Bei ya maonyesho, Bwana Mwenyekiti. Ninyi ndio mlionifundisha asubuhi yote."

Wakabishana. Fisi alibishana mpaka bei ikabaki mifupa, maana kazi hiyo aliijua, na mwisho akalipia vitumbua vitano. Pesa zile, pamoja na sarafu mbili za Mama Pimbi, zilitosha tiketi moja ya bembea. Moja tu. Mashaka alitaka kusema kitu lakini Kidawa akamfinya.

Fisi akala. Msiulize alikulaje. Cha kwanza hakukitafuna, cha pili kilikikuta cha kwanza kooni. Alipomaliza cha tano akalamba makucha, akalamba hewa palipokuwa na makucha, kisha akatazama kitambaa. Vilikuwa vimebaki vitatu, vinene, vimekaa pamoja.

"Na hivyo?" akauliza.

"Hivyo ni vyangu."

"Niongezee kimoja."

Mama Pimbi akaweka mkono sikioni. Nyuma yao punda walikuwa wakizunguka. Kwiii-kwaa.

"Bembea yako inalia, Bwana Mwenyekiti. Sisikii."

"Nasema niongezee," akasema Fisi kwa sauti kubwa zaidi. "Nimenunua vitano kwa mpigo."

"Midomo naiona inacheza. Maneno hayafiki." Akakigeuza kitumbua kimoja ili upande uliokauka vizuri, ule wa hudhurungi, uonekane. "Ongea na sisi wenye masikio madogo kama unavyoongea na wateja."

Fisi alikuwa amekitumbulia macho kile kitumbua. Hakukitazama kitu kingine, hata mkono wake mwenyewe hakuutazama. Mkono ukafanya kazi uliyoizoea tangu asubuhi. Ukainua kipaza sauti, ukakileta mdomoni.

"NIMENUNUA VITANO! MNUNUZI ANA HAKI YA NYONGEZA! MUUZAJI ASIYETOA NYONGEZA AMELELEWA NA NANI?"

Punda wakasimama. Bembea ikanyamaza. Uwanja mzima, kutoka banda la maboga mpaka langoni, ukanyamaza nao, na mlima wa ng'ambo ukarudisha maneno ya mwisho: na nani, na nani, na nani.

"Sasa nimesikia," akasema Mama Pimbi.

Akachukua kitumbua kimoja, akampa Fisi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Nyongeza yako hiyo, Bwana Mwenyekiti. Umesema kweli, ni haki ya mnunuzi. Na mimi sasa nanunua kwako." Akaweka pesa mezani. "Tiketi moja, ya Kidawa. Mashaka na Kitumbo ni nyongeza."

Fisi akaonyesha ubao kwa kidole. "Mama Kidawa, ubao unasema..."

"Ubao tumeusoma," akasema Mama Kware, ambaye tayari alikuwa amefika mbele na vifaranga wakimfuata kama punje zilizomwagika. "Na wewe tumekusikia. Mimi nililipia vichwa vyote hivi langoni bila nyongeza hata moja. Nadai nyongeza zangu, na nitazichukulia hapa kwenye bembea."

"Hawa wote?" akasema Fisi. "Nyongeza ni kitu kidogo!"

"Hebu waangalie vizuri. Unamwona mkubwa hapo?"

Nyuma ya Mama Kware walikuja wengine, na nyuma ya wengine wakaja wengine, mama huyu na puto lililopasuka, baba yule na risiti ya msalani. Kiboko mwenyewe akaacha lango lake akaja kuona, na alipoacha lango waliokuwa nje wakaingia. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka. Dhu. Dhu. Dhu. Umati ukapasuka katikati.

Alikuwa Mheshimiwa Tembo, na chupa yake ya soda bado imo mkongani.

"Mwenyekiti," akasema, "nimesikia tangazo lako. Tangu asubuhi nimekaa hemani nikijiuliza, mbona maonyesho ya watoto yana vilio vingi hivi? Kumbe hawapewi nyongeza. Sasa umetangaza ni haki yao. Nimefurahi sana."

"Mheshimiwa, hapana, hapana," akasema Fisi. "Nilikuwa nazungumzia vitumbua. Maonyeshoni nyongeza hakuna. Ni sheria ya kamati."

Tembo akatafakari. Alikuwa mnyama mwenye haki, na wanyama wenye haki huchukua muda.

"Basi sawa," akasema mwishowe. "Kama nyongeza hakuna, haipo kwa wote. Mrudishie mama kitumbua chake, na hawa watoto warudi nyuma ya uzio. Kama nyongeza ipo, kula kitumbua chako, na watoto wapande. Chagua wewe, Mwenyekiti."

Watu wote wakamtazama Fisi. Mashaka akaacha kupumua. Mama Pimbi akambana Kitumbo mgongoni, na hapo, wanangu, hata yeye aliogopa, maana angalikuwa mwingine yeyote angalikirudisha kile kitumbua.

Fisi akaitazama bembea. Akavitazama viti vitupu, akapiga hesabu ya tiketi zote kichwani, akawatazama vifaranga wa Mama Kware wasio na idadi. Akaunyoosha mkono kumrudishia Mama Pimbi. Ukanyooka nusu. Kitumbua kilikuwa bado na uvuguvugu wa mbeleko. Iliki ikapanda taratibu mpaka puani. Nff.

Mkono ukasimama. Ukaanza kurudi.

"Usifanye hivyo," Fisi akauambia mkono wake.

Ham.

Hata kutafuna hakutafuna.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Kiboko, kwa furaha, aliukalia ubao wa sheria, kra, na tangu siku hiyo haukusimama tena. Tembo akawasaidia punda kusukuma. Kidawa akapanda kiti cha manjano, Mashaka akapanda chekundu kisha akataka cha manjano, Kitumbo akafungwa kwa mbeleko asidondoke, na vifaranga wa Mama Kware wakajaa kila palipobaki nafasi. Bembea ikazunguka, kwiii-kwaa, na safari hii sauti yake haikusikika kabisa kwa vicheko.

Mama Pimbi alisimama kwenye uzio na pesa zake za mbegu salama pindoni, akawapungia watoto kila walipopita. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na akayaacha yatoke.

Bwana Fisi alikaa kando, kidevu mkononi, akitazama tiketi zake zikizunguka bure angani.

"Mama Kidawa," akaita baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kipaza sauti. "Vile viwili vilivyobaki. Unauzaje?"

Hadithi ndiyo hiyo, nami nimewapa yote bila kuwapunja. Kumbukeni tu hili: anayetunga sheria ya kuwabana wenzake, aangalie kwanza kama yeye mwenyewe ataiweza.